Kuchagua mbio ndefu za baiskeli za msimu ujao ukiwa Lubumbashi: mwongozo kamili

Wengi huchagua mbio kwa picha. Mtu anaona maelfu ya waendesha baiskeli wakipita kando ya bahari, anajiandikisha, analipa, kisha ndipo anauliza viza inachukua muda gani na mlima wa mwisho ni mrefu kiasi gani. Kwa anayekaa Lubumbashi, utaratibu huo unakula fedha nyingi, maana karibu kila mbio kubwa ya ridhaa iko nje ya nchi. Afadhali uanze na mvua, ufuate mwendo wako halisi, kisha kikomo cha muda, kisha karatasi na bajeti. Jina la mbio lije mwisho. Ukifika hapo, orodha itakuwa imebaki na majina mawili au matatu tu.

Tunaposema mbio ndefu hapa tunamaanisha kuanzia km 100 kwa siku moja hadi safari za siku kadhaa, zilizo wazi kwa mtu yeyote asiye na mkataba wa timu.

Hatua ya kwanza: kalenda ya mvua

Mvua ya Lubumbashi inakolea kuanzia Novemba hadi Machi. Aprili inaisha, na Mei hadi Septemba ni kiangazi kikavu. Juni na Julai asubuhi ni baridi ya kuhitaji glovu. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya joto kali. Sasa chukua tarehe ya mbio unayoitamani na uhesabu wiki 16 kurudi nyuma. Hizo ndizo wiki za mazoezi. Jiulize ziko upande gani wa mvua.

Mbio za Novemba zinakupa mazoezi ya Julai hadi Oktoba, karibu yote kwenye ukavu. Kuna vumbi, kuna moshi wa mioto ya porini Agosti na Septemba, lakini ni nadra Jumapili kupotea kwa mvua. Mbio za Juni zinaanzia mazoezi kwenye mvua ya Februari na kumalizia kwenye ukavu wa Mei, na hilo si baya. Mbio za Februari na Machi ndizo ngumu: unajenga nguvu katika miezi ambayo radi za alasiri ni za kawaida na barabara za udongo zimegeuka tope. Tope hilo linajaa kati ya gurudumu na fremu, linasaga mpira wa breki haraka, na linakula cheni kuliko kilometa zenyewe. Inawezekana kutoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi kabla ya mawingu, lakini safari ya saa sita au saba haitoshei kila wiki kwenye nafasi hiyo.

Kwa hiyo anayeanza atafute mbio za Novemba. Machi waachiwe wenye msimu mzima nyuma yao.

Hatua ya pili: jipime, na usijidanganye

Mwendo unaouona kwenye simu ukishuka daraja si mwendo wako. Kipimo kinachofaa ni hiki: Jumapili alfajiri, kabla malori hayajaamka, nenda Kipushi na urudi, mara mbili. Kwenda ni karibu km 30, kwa hiyo jumla inakaribia km 120. Tumia programu yoyote ya kurekodi safari, na uandike vitu vitatu: muda wa kukanyaga peke yake, muda wote pamoja na vituo, na tofauti kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili.

Ikiwa mzunguko wa pili ni wa polepole kwa zaidi ya asilimia 10, basi mwendo wako wa mbio ndefu ni ule wa mzunguko wa pili. Ule wa kwanza ni wa mtu aliyelala vizuri. Mara nyingi sababu ya kushuka huko ni chakula: mtu amekwenda saa mbili na nusu na chupa moja ya maji. Lenga gramu 60 za wanga kwa saa (ndizi moja ya wastani ina kama 25) na nusu lita hadi robo tatu ya maji kwa saa. Rudia kipimo baada ya wiki mbili ukiwa umekula ipasavyo, ndipo uchukue namba ya kudumu.

Barabara za Likasi na Kasumbalesa zina lami ndefu, na ndiyo maana watu huzitamani. Zina pia malori ya madini na ya mafuta, mchana na usiku. Ukizitumia, nendeni wawili au watatu, na fulana za kung'aa, kioo kidogo kwenye usukani, na mrudi kabla ya jua kali. Wanaoleta makala (mkaa) mjini kwa kinga (baiskeli) wanajua kuliko ramani yoyote ni njia gani ya pembeni imekauka na ipi bado ina mashimo. Waulize.

Hatua ya tatu: hesabu ya kikomo cha muda

Hapa ndipo mbio nyingi huchaguliwa vibaya. Urefu wa kilometa unatisha, lakini kinachomtoa mtu barabarani ni saa. Tumia hesabu hii:

muda wako = (km ÷ mwendo wako wa tambarare) + (saa 1 kwa kila mita 1,000 za kupanda) + vituo

Saa moja hiyo inatoka wapi? Chukua mlima wa asilimia 5 wenye urefu wa km 20: umepanda mita 1,000. Mtu wa kawaida anaupanda kwa km 9 au 10 kwa saa, yaani saa mbili na dakika chache, kisha anashuka km 20 kwa nusu saa. Km 40 hizo zimechukua zaidi ya saa mbili na nusu. Kwenye tambarare kwa km 24 kwa saa zingechukua saa 1 na dakika 40. Tofauti inakaribia saa nzima. Mteremko hauwezi kulipa deni la mlima.

Kama barabara ni ya changarawe, punguza mwendo wako wa lami kwa robo kabla ya kuanza hesabu. Kama kuna mchanga, punguza zaidi, na uongeze muda wa kusukuma kwa miguu.

Jaribu na Cape Town Cycle Tour, km 109, kikomo cha saa 7, kupanda takriban mita 1,200. Mwenye mwendo wa km 22 kwa saa: karibu saa 5 za tambarare, saa 1 na dakika 12 za milima, dakika 20 za vituo. Jumla saa 6 na nusu. Amebakiwa na nusu saa tu, na upepo wa Cape Town bado haujahesabiwa. Mwenye mwendo wa km 25 anamaliza kwa kama saa 5 na dakika 54, anabaki na saa nzima na zaidi. Kanuni ya kufuata: baada ya hesabu yote, asilimia 15 ya muda ibaki mkononi. Ikibaki chini ya hapo, mbio hizo ni za mwaka unaofuata.

Gawanya pia mita za kupanda kwa kilometa. Chini ya mita 8 kwa kila km ni tambarare. 8 hadi 12 ni vilima. Juu ya 15 ni milima kweli. Lubumbashi iko kwenye uwanda wa juu, karibu mita 1,200, lakini uwanda ni uwanda: hakuna mlima wa nusu saa wa kufanyia mazoezi. Kurudia kilima kifupi mara kumi kunajenga miguu, hakufundishi mgongo na mikono kukaa kwenye mlima saa nzima. Mbio zako za kwanza nje zisizidi mita 12 kwa km.

Soma pia vikomo vya katikati. Mbio inaweza kutoa saa 10 kwa jumla, ikataka ufike km 70 ndani ya saa 4. Hiyo ni km 17.5 kwa saa, na kama milima yote iko nusu ya kwanza, utatolewa ukiwa na nguvu tele. Chora njia kwenye karatasi, weka vituo vyote vya ukaguzi, na ufanye hesabu ile ile kwa kila kipande.

Hatua ya nne: mbio zenyewe

947 Ride Joburg, Novemba, karibu km 97 za lami ndani ya Johannesburg. Kwa mtu wa Lubumbashi tunaiweka namba moja, kwa sababu tatu. Mazoezi yake yanaangukia kiangazi. Mji uko kwenye mita 1,750 hivi, kwa hiyo anayetoka mita 1,200 hapigwi sana na hewa nyembamba. Na muda utakaopata unaweza kukupandisha kundi la kuanzia Cape Town mwezi Machi.

Hilo la makundi lieleweke vizuri. Kwenye mbio za maelfu ya watu, wanaanzishwa kwa makundi, na asiye na muda wowote uliosajiliwa anawekwa nyuma. Kikomo chake kinahesabiwa tangu kundi lake lianze, lakini anaanza jua likiwa juu, upepo umekwishaamka, na mbele yake kuna maelfu wa kupita. Ndiyo maana Novemba kisha Machi ni jozi nzuri kuliko Machi peke yake. Kasoro ni kwamba kati yake kuna mvua yote. Utashikilia tu nguvu ya Novemba, hutaiongeza.

Cape Town Cycle Tour ilianza mwaka 1978. Ni nzuri, ni kubwa, na upepo wake si wa mzaha: mwaka 2017 ilisimamishwa kwa sababu yake, na mwaka 2015 moto wa milimani uliifupisha hadi km 47. Anayesafiri kutoka mbali ajue kwamba anaweza kulipa kila kitu na asipande Chapman's Peak, mlima maarufu wa njia hiyo. Asiyewahi kuendesha ndani ya kundi la watu mia kwenye upepo wa ubavuni afanye kwanza mazoezi ya kundi nyumbani: watu wanane, umbali wa nusu mita gurudumu kwa gurudumu, bila kushika breki ghafla.

Migration Gravel Race, Kenya, Juni, karibu km 650 kwa siku nne katika nchi ya Wamaasai. Ni changarawe, vumbi na mawe, na kulala kwenye mahema. Faida yake kubwa ni karatasi: Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kenya ilifuta viza kwa Wakongomani mwaka 2023. Unaweza pia kuuliza njia na kununua chai kwa Kiswahili, jambo ambalo siku ya tatu lina uzito wake. Inamfaa aliyekwisha kuendesha siku mbili mfululizo za km 120 au zaidi kwenye udongo.

Race Around Rwanda, Februari, karibu km 1,000 bila msaada wa nje, na kupanda kunakozidi mita 15,000. Fanya hesabu: kwa km 18 kwa saa ni saa 55, ongeza saa 15 za milima, na bado hujala wala kulala. Juu ya hapo mazoezi yake yako katikati ya mvua. Kabla ya kulipa chochote, angalia pia hali ya mipaka na safari kati ya nchi mbili kwa wakati huo. Kwa anayeanzia Lubumbashi, si chaguo la msimu wa kwanza.

The Munga, Afrika Kusini, mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba: zaidi ya km 1,000 kutoka Bloemfontein hadi Wellington kupitia nyika kavu ya Karoo, kwa saa 120. Namba hiyo inalaghai, kwa kuwa inaonekana kama km 9 tu kwa saa. Toa saa 4 za usingizi kwa usiku nne, toa saa 20 za kula, kutengeneza na kukwepa jua la mchana. Zinabaki kama saa 84, na mwendo unaohitajika unapanda juu ya km 12 kwa saa, kwenye udongo na upepo wa kichwa. Isogelee baada ya misimu miwili.

Kuna njia nyingine isiyo ya mashindano: brevet za mtindo wa Ufaransa, zinazoidhinishwa na Audax Club Parisien. Hakuna mshindi. Unabeba kadi, unapiga mihuri kwenye vituo, na unamaliza ndani ya muda: km 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 400 kwa saa 27, 600 kwa saa 40, 1,000 kwa saa 75. Kwa mwenye mwendo wa km 20 kwa saa, zile 200 ni saa 10 za kukanyaga. Zinabaki saa tatu na nusu za milima, chakula na pancha. Kwa hiyo brevet inamfaa mtu mvumilivu asiye na kasi. Lazima iandaliwe na klabu inayotambulika, huwezi kujiandikia mwenyewe, na Afrika Kusini ina waandaaji. Kilele chake ni Paris-Brest-Paris, km 1,200 kwa saa 90, kila baada ya miaka minne: ilikuwa 2023, inayofuata ni Agosti 2027. Ili kuingia unatakiwa kumaliza 200, 300, 400 na 600 ndani ya mwaka huo huo, na brevet ndefu ya mwaka uliotangulia inakupa nafasi ya mapema kujiandikisha. Yaani viza na ndege kadhaa kabla ya Paris yenyewe. Piga hesabu ya fedha kabla ya kuota.

Hata usipotoka, tumia vikomo hivyo kama kipimo nyumbani. Kwenda Likasi na kurudi ni karibu km 240. Ukitumia saa 16 au chini yake, ukiwa na gari la rafiki nyuma kwa ajili ya malori, brevet ya 200 haitakushinda.

Hatua ya tano: karatasi na fedha

Pasipoti iwe na angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kongo. Inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano na tangu 2016 inadumu maisha yote, kwa hiyo usikubali kulipishwa nyingine kwa sababu eti ya zamani imekwisha. Afrika Kusini inataka viza: anza miezi mitatu kabla, na uombe mwandaaji barua ya mwaliko pamoja na uthibitisho wa malipo. Ukipitia mpaka wa Kasumbalesa ili kupanda ndege Ndola, masharti ya Zambia nayo yanakuhusu.

Bajeti iandikwe kwa mistari, si kwa jumla moja: ada ya kujiandikisha, leseni ya siku kama inatakiwa, viza, tiketi, mzigo wa baiskeli kwenda na kurudi, Go-Pass (ada ya uwanja wa ndege Kongo), usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, siku nne za kulala, chakula, bima. Ada ya mbio, ile inayoonekana kwenye tangazo, huwa mara nyingi ndogo kuliko tiketi peke yake. Uliza mashirika ya ndege bei ya baiskeli kabla ya kununua tiketi. Tiketi ya bei ndogo inaweza kugeuka kuwa ya juu kuliko zote.

Malipo ya mtandaoni hukwama hapa mara kwa mara kwa sababu kadi ya benki haijafunguliwa kwa manunuzi ya nje, au kikomo cha siku ni kidogo. Nenda benki wiki moja kabla ya dirisha la kujiandikisha kufunguliwa, ujaribu na malipo madogo. Soma sharti la kurudishiwa fedha: baadhi ya waandaaji hukubali kuhamishia nafasi mwaka ujao ukinyimwa viza, wengine hawarudishi hata senti. Kati ya mbio mbili zinazokufaa sawa, chagua yenye sharti la kwanza.

Hatua ya sita: baiskeli uliyo nayo ikubali njia

Lami inataka tairi za mm 28 hivi; changarawe ya Kenya mm 40 hadi 45; Karoo inapandwa kwa baiskeli ya milimani. Ukiwa na baiskeli moja tu, ndiyo ichague mbio. Gia ndogo kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma ziwe na meno sawa, mfano 34 kwa 34, kama kuna mlima zaidi ya mita 12 kwa km. Vipuri vya baiskeli nyepesi usitegemee kuvipata mjini wiki ya mwisho. Agiza mapema: tyubu mbili kwa siku moja na nne kwa siku nyingi, viraka, kiungo cha cheni kinacholingana na idadi ya gia zako (cha 10 hakifungi cheni ya 12), jozi mbili za mpira wa breki, kebo, spoki tatu za urefu sahihi, na kile kishikio kidogo kinachobeba gia ya nyuma. Hicho cha mwisho hupinda ndani ya boksi la ndege kuliko kitu kingine chochote, na kila fremu ina cha umbo lake. Kifungue kabla ya kupakia na ukifunge kwenye fremu kwa karatasi ya mapovu.

Betri ya kubeba ya 20,000 mAh ni Wh 74. Inaruhusiwa, lakini mkobani, si kwenye mzigo wa chini. Chupa ndogo za gesi za kujazia tairi ziache. Beba pampu ya mkono. Boksi lote lisizidi kg 23, maana kutoka hapo malipo ya ziada huanza.

Siku ya kuondoka, kabla ya boksi kufungwa, piga picha namba iliyochongwa chini ya fremu, kwenye mhimili wa pedali. Nenda na risiti ya ununuzi kama unayo, na uombe maofisa wa forodha wa DGDA, kwenye uwanja wa ndege wa Luano au Kasumbalesa, wakuandikie karatasi ya kutoka kwa muda yenye namba hiyo. Bila karatasi hiyo, baiskeli yako mwenyewe inaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa iliyonunuliwa nje wakati wa kurudi, na mjadala huo hufanyika usiku, ukiwa umechoka, mbele ya foleni ya watu.